Paka Anapougua Ghafla

Nyumba nyingi za Newala na Masasi hazikosi paka. Hafugwi kwa pambo. Hufugwa kwa sababu ya ghala na panya, na aghalabu chakula chake hukitafuta mwenyewe. Hata hivyo mnyama huyu akikaa nyumbani miaka mitatu au minne hupata jina, hupata mahali pake karibu na jiko, na watoto humwekea vichwa vya dagaa bila ya kuambiwa na mtu. Ndipo asubuhi moja anapoonekana akitoka chini ya kitanda huku anayumba, mate yanamchuruzika, macho yameduwaa, na akiitwa haitiki. Jana jioni alikuwa mzima.

Katika hali hiyo neno la kwanza linalosemwa nyumbani ni kwamba amelishwa sumu. La pili, hasa ikiwa amekwisha kumkwaruza mtu, ni kwamba ameingiwa na kichaa. La tatu halisemwi kwa sauti, bali kila mtu humfikiria jirani fulani. Kisha hutafutwa fimbo, au hutafutwa maziwa, kulingana na moyo wa mwenye nyumba. Makala haya yanakusudia kueleza yale yanayopaswa kufanywa kati ya neno la kwanza na fimbo, kwa kuwa katika muda huo mfupi huamuliwa mambo mawili: uhai wa paka na, mara nyingine, uhai wa mtoto aliyekuwa akimchezea.

Watu wa sehemu hizi wamepata kukabiliwa na ugonjwa usio na jina, tena mkubwa zaidi. Mnamo mwezi wa Julai 1952, katika Uwanda wa Juu wa Makonde na sehemu zinazouzunguka, ulizuka ugonjwa uliowaangusha watu kwa ghafla mno. Mtu aliyekuwa akilima asubuhi alikuwa hoi jioni, ana homa kali na maumivu ya viungo yasiyomruhusu kujinyoosha, na baadaye akatokwa na vipele. Ugonjwa huo uliendelea hadi mwaka 1953. Wagonjwa wenyewe ndio walioupa jina, kutokana na neno la Kimakonde lenye maana ya kupinda au kujikunja, na jina hilo leo limo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima: chikungunya.

Ningependa msomaji alitazame jina hilo kwa makini. Halikudai kujua asili ya ugonjwa. Halikusema kuwa ni sumu, wala ni hewa mbaya, wala ni mkono wa mtu. Lilieleza kile kilichoonekana, yaani mtu amepinda. Madaktari waliofika baadaye, Marion Robinson na W.H.R. Lumsden, waliofuata njia hiyohiyo, walianza kwa kuandika: nani ameugua, siku gani, katika nyumba ipi, na dalili zimefuatana vipi. Mwanzoni dalili zilifanana mno na za homa ya dengi. Katika uwanda huu maji huzama mchangani, na zamani wananchi waliyafuata mbali, chini ya miteremko, wakayahifadhi nyumbani kwa siku nyingi. Ndani ya maji hayo ya akiba walikutwa mbu wa aina ya Aedes aegypti wakizaliana. Taarifa za Robinson na Lumsden zilichapishwa mwaka 1955, na mwaka uliofuata R.W. Ross alitoa maelezo ya jinsi kirusi chenyewe kilivyopatikana kwa kutumia damu ya wagonjwa na panya wa maabara. Ilichukua miaka minne kutoka dalili hadi maelezo ya asili kuchapishwa. Mwenye paka hana miaka minne; pengine ana saa nne. Lakini mwanzo wa kazi ni uleule, nao ni kutaja kinachoonekana kabla ya kutaja kinachodhaniwa.

Yuko msomaji atakayeuliza kama paka mmoja anastahili shughuli yote hiyo. Huko Japani, katika vijiji vya wavuvi vilivyo kando ya ghuba ya Minamata, paka walianza kuonekana wakiyumba, wakizunguka kama wanaocheza ngoma, na wengine wakitumbukia baharini, katika miaka ya mwanzo ya 1950. Watu waliwacheka. Tarehe 1 Mei 1956 hospitali ya kiwanda cha kemikali kilichokuwa hapo iliiarifu ofisi ya afya kwamba wamo watoto wenye ugonjwa wa ubongo usiojulikana. Sababu ilikuwa zebaki iliyomwagwa na kiwanda ghubani, ikaingia katika samaki, na paka na watoto wakala samaki walewale. Mkuu wa hospitali hiyo, Dakta Hajime Hosokawa, aliwalisha paka maji machafu ya kiwanda ili apate hakika, na mwaka 1959 paka aliyepewa namba 400 alionyesha dalili zilezile za vijijini. Serikali ya Japani ilikiri rasmi mwaka 1968. Paka hula tunachokula, hulala tunapolala, na zaidi ya hayo hujilamba kila kilichomgusa manyoya. Kwa hiyo kinachomdhuru kimo nyumbani mwetu, na yeye hukutana nacho kabla yetu.

Sasa tuirudie ile asubuhi ya Newala. Kabla ya kufikiri habari ya sumu, na kabla ya mtu yeyote kumgusa, swali la kwanza ni moja tu: je, yamkini ni kichaa cha mbwa? Swali hili hutangulizwa si kwa sababu ndilo jibu la mara nyingi, bali kwa sababu kosa lake halirekebishiki. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, huua karibu bila ya kubakiza mtu. Kwa bahati njema, kati ya kuumwa na kudhihiri kwa dalili kwa kawaida hupita wiki kadhaa au miezi, na chanjo ikitolewa mapema katika kipindi hicho humwokoa mtu.

Paka hauanzishi ugonjwa huu mwenyewe. Huupata kwa kung'atwa na mbwa au mnyama wa mwituni aliyeambukizwa. Kwa sababu hiyo jitihada kubwa huelekezwa kwa mbwa. Mikoa ya Mtwara na Lindi ilikuwa miongoni mwa sehemu za kusini-mashariki ya Tanzania ambamo mbwa walichanjwa kwa wingi katika miaka iliyofuata 2010, chini ya mradi wa majaribio ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, sambamba na mingine iliyofanywa Ufilipino na KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini. Wataalamu wanakadiria kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakiwa wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Lakini watoto wa mbwa huzaliwa kila mwaka, na chanjo ya mwaka juzi haiwahusu.

Paka mwenye kichaa aghalabu hubadilika tabia kabla ya kubadilika mwili. Aliyekuwa mpole hujificha gizani na kurukia mkono unaomfuata. Aliyekuwa mkali hujisogeza kwa watu kwa upole usio wa kawaida. Sauti yake hubadilika. Baadaye miguu ya nyuma hulegea, taya hushuka, mate hutiririka kwa kuwa hawezi kumeza, na siku chache baada ya hapo hufa. Watu wengi hudhani ana mfupa kooni, wakamtia kidole mdomoni ili wautoe. Hilo lisifanywe kamwe. Paka anayetokwa na mate bila ya sababu inayojulikana huwekewa tenga la kuku juu yake, likagandamizwa kwa jiwe, au hufungiwa katika chumba kisichotumika, naye asiyehusika asimkaribie.

Ikiwa amekwisha kuuma au kukwaruza mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Dakika hizo ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Ni heri kutazama saa. Katika uwanda ambao ndoo ya maji ina thamani yake, najua kuwa agizo hili ni zito, ila hapa maji hayo ni dawa. Jino la paka ni jembamba na huchoma ndani, na kitundu chake huziba upesi, hivyo jeraha huonekana dogo kuliko lilivyo. Baada ya kuosha, mtu aende kituo cha afya siku hiyohiyo ili aanzishiwe chanjo. Asingoje kuona paka ataishiaje.

Yule paka asiuawe kwa haraka. Jambo hili huwashangaza wengi. Paka aliyeuma mtu akifungiwa, akapewa chakula na maji, na akawa hai na mzima baada ya siku 10, basi hakuwa na virusi katika mate yake siku ile alipouma, na daktari anaweza kuamua kuzisimamisha sindano zilizobaki. Akifa katika siku hizo, ubongo wake ndio ushahidi, na uchunguzi wa maabara unaweza kutoa jibu la hakika. Fimbo ya kichwani huharibu ushahidi huo, na shimo la takataka huupoteza. Afisa mifugo wa kata aarifiwe. Yeye ndiye mwenye kujua namna ya kuchukua sampuli bila ya kujihatarisha na namna ya kuipeleka kwenye maabara ya mifugo, ambayo kwa ukanda wa kusini iko Mtwara. Mwenye nyumba asijaribu kumpasua mwenyewe.

Baada ya swali hilo ndipo inapokuja habari ya sumu, nayo katika wilaya hizi ina majira yake. Kuanzia mwezi wa Juni mikorosho inapochanua, wakulima hupambana na ubwiriunga kwa kupuliza salfa, na kazi hiyo hufanywa alfajiri wakati umande ungali juu ya majani na upepo umetulia. Unga huo wa manjano hutua kila mahali: juu ya paa, juu ya nguo zilizoanikwa, na juu ya mgongo wa paka aliyelala chini ya mti. Salfa si sumu kali, lakini huwasha macho na mapafu, na paka akiilamba hutapika na kuharisha. Yanayotisha zaidi ni maji ya viuatilifu vinavyonyunyiziwa wadudu, kama vile mbu wa mikorosho. Mengi yana dawa za ukoo wa pareto zilizotengenezwa viwandani, na hizo ndizo adui mkubwa wa paka.

Hapa pana jambo la sayansi linalostahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, maana hubainisha kwa nini paka si mbwa mdogo. Ini la binadamu na la mbwa lina vimeng'enya vinavyozifunga kemikali nyingi za kigeni kwa aina ya sukari, ili ziyeyuke na kutoka kwa mkojo. Paka ni mla nyama tangu asili yake. Hakuhitaji kupambana na sumu za mimea, na kimojawapo cha vimeng'enya hivyo hakifanyi kazi mwilini mwake. Kemikali inayotoka mwilini mwa mbwa kwa muda mfupi hubaki mwilini mwa paka na kuendelea kumdhuru. Kwa hiyo dawa ya kupe yenye permethrini, ambayo mbwa hupakwa na kwenda zake, humfanya paka atetemeke, atupe masikio na mikia kwa mishtuko midogo midogo, kisha aingiwe na degedege. Hata kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa dawa hiyo kwaweza kutosha. Dalili hizi zikionekana, na paka angali anaweza kushikwa, aoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, akaushwe, afunikwe asipate baridi, na apelekwe kwa mganga wa mifugo.

Kwa sababu hiyohiyo parasetamoli ni sumu. Mwenye nyumba mwenye huruma humwona paka ana homa, akavunja kidonge anachompa mtoto wake na kumchanganyia katika dagaa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumwua paka wa kilo tatu au nne. Damu yake hushindwa kubeba hewa, fizi zake hugeuka rangi ya kahawia au buluu, uso na miguu ya mbele huvimba, na hutweta. Nimewahi kuelezwa habari ya namna hii na mtu aliyekuwa na hakika kwamba paka wake alilishwa sumu na jirani. Hakujua kwamba alikuwa akinieleza habari ya mkono wake mwenyewe, nami sikupata ujasiri wa kumwambia.

Sumu za panya si za namna moja, na dalili zake hazifanani hata kidogo. Ziko zinazozuia damu isigande. Paka aliyekula panya waliokufa kwazo huonekana mzima kwa siku tatu, nne au tano, kisha hulegea, fizi hupauka, hutokwa damu puani au kwenye haja kubwa. Dawa yake ipo, nayo ni vitamini K, lakini hutolewa kwa siku nyingi chini ya mtaalamu. Nyingine ni zinki fosfidi, ule unga wa kijivu cheusi unaochanganywa na nafaka panya wa mashambani wanapozidi. Huu hukutana na asidi ya tumbo ukatoa gesi ya sumu. Paka hutapika, hutweta na kujinyonganyonga, na matapishi yake hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Aliye karibu afungue madirisha na asiinamie matapishi hayo, kwa kuwa gesi hiyo humdhuru mtu pia. Maziwa na mafuta, ambayo kila nyumba huyakimbilia, hayafai hapa. Chakula huongeza asidi, na asidi huongeza gesi. Tena paka aliyelegea akinyweshwa kwa nguvu huvuta maji hayo mapafuni, akafa kwa dawa kabla ya kufa kwa sumu.

Mboni za macho husaidia sana kutofautisha. Zikiwa zimesinyaa hadi kuwa kama ncha ya sindano, na mate, machozi, mkojo na kuhara vimekuja kwa pamoja huku misuli inacheza, yafaa kushuku dawa za wadudu za ile jamii inayovuruga mawasiliano ya neva. Mganga wa mifugo anayo atropini kwa ajili hiyo, ila ni lazima aambiwe mapema.

Jicho moja au yote mawili yakifumba kwa ghafla, yakitoa machozi mengi baada ya paka kutoka kichakani, swila yumkini amemtemea. Maji mengi safi, yamwagwe taratibu na kwa muda mrefu. Maziwa ya mama na maji ya majani yaachwe.

Iko dalili moja ambayo haitokani na sumu wala nyoka, na watu huipuuza hadi imekuwa tanzi. Paka dume huchuchumaa, akakamia, akalia, wala hakitoki kitu. Au hutoka tone moja lenye damu. Hudhaniwa kuwa amefunga choo, akapewa mafuta. Mara nyingi kilichoziba ni njia ya mkojo, ambayo kwa dume ni nyembamba mno. Akikaa hivyo kwa siku moja au mbili, sumu za mwili hurudi katika damu na moyo husimama. Kibofu chake kikipapaswa kwa upole hushikika tumboni kama limau gumu. Huyu hana wa kumngoja. Aondoke siku hiyohiyo.

Kuondoka kwenyewe najua si kazi nyepesi. Kutoka kijiji cha ukingoni mwa Newala kwenda kwa mganga wa mifugo ni safari ya pikipiki au basi, na abiria wenzako watakucheka kwa kubeba paka katika kikapu. Kwa hiyo safari hiyo isiwe ya bure. Chukua pakiti au kopo la kila dawa iliyotumika nyumbani na shambani katika wiki iliyopita, hata kama imebaki karatasi tu, kwa kuwa jina la kemikali lililoandikwa pembeni kwa herufi ndogo lina maana kuliko maelezo ya saa nzima. Chukua matapishi kidogo katika kichupa chenye kifuniko, ukiwa umejivika mfuko wa plastiki mkononi. Na chukua daftari.

Daftari hilo la shule liandikwe na mtoto anayejua kusoma, maana yeye ndiye anayemwona paka zaidi ya watu wazima wote. Aandike ni saa ngapi alimwona mzima kwa mara ya mwisho. Aandike kilichoanza kwanza: kutapika au kuyumba, mate au degedege, mpangilio huo ndio ambao mganga hawezi kuuona mwenyewe. Aandike paka alikula nini na wapi, nani alipuliza mikorosho na lini, kama mbwa amepakwa dawa, kama paka wengine wa mtaa ni wazima, na kama kuna mtu aliyeumwa au kukwaruzwa. Neno "sumu" lisiandikwe, wala jina la jirani. Afisa mifugo akikosa kufikika siku hiyo, mengi ya hayo yanaweza kuelezwa kwa simu, naye akaamua kama paka aletwe au afungiwe tu na kungojewa.

Wapo watakaopona bila ya mtu kujua waliumwa nini. Wapo watakaokufa hivyohivyo, hata mbele ya mganga hodari. Aliyekufa bila ya sababu kujulikana, na afisa mifugo akiwa amekwisha kuamua kuhusu sampuli, azikwe katika shimo refu lisiloweza kufukuliwa na mbwa, mbali na mahali pa kuchotea maji, na mzikaji avae mifuko mikononi. Ukurasa ule wa daftari usichanwe. Paka wa nyumba ya pili akianza kuyumba wiki ijayo, au mtoto wa nyumba ya tatu akitapika asubuhi baada ya mikorosho kunyunyiziwa dawa, huo ndio utakaosomwa kwanza.